UZI: Bulozi, bonde la mafuriko la Zambezi ya juu: maji, mashamba, mifereji na ufalme wake

#1 Mkondo_Juu

Wakuu, kila ifikapo Machi na Aprili picha za mtumbwi mkubwa wenye milia myeusi na myeupe, wa Kuomboka, yaani safari ya mfalme wa Walozi kuyahama mafuriko, huzagaa mitandaoni, na wengi huzipita wakidhani ni tamasha la watalii. Naomba uzi huu tuutumie kulieleza bonde lenyewe, Bulozi, magharibi mwa Zambia, kwa sababu ufalme wa Walozi hauelezeki mpaka uelewe maji yanaingia lini, yanatoka lini, na nani alikuwa anazibua mifereji.

Nianze na ramani. Zambezi huanzia vilima vya Kalene, Mwinilunga, kaskazini magharibi mwa Zambia. Huingia Angola, kisha hurudi Zambia pale Chavuma. Ikishuka kusini hupokea Lungwebungu kutoka magharibi na Kabompo kutoka mashariki, na hapo ndipo nchi inapolala. Kuanzia kwenye makutano hayo hadi chini ya Senanga ni kama kilomita 230 za tambarare. Upana wake unazidi kilomita 30 sehemu nyingi, na ukikaribia Mongu unapita kilomita 40. Bonde kuu peke yake lina kilomita za mraba zipatazo 5,500. Ukijumlisha mabonde ya mito inayoingilia pembeni, kama Luena upande wa mashariki, eneo linalofunikwa mafuriko yakiwa makubwa hufika 10,750. Novemba, maji yakiwa chini kabisa, hubaki kama 550 tu za mikondo, mabwawa na vinamasi.

Kwa nini maji yanajaa pale? Chini ni mchanga wa Kalahari, nchi karibu haina mteremko, na kusini kuna kizuizi cha mwamba mgumu wa basalti ambao mto unauruka pale maporomoko ya Ngonye, Sioma. Mto unakula mchanga kwa urahisi, mwamba hauuli. Kwa hiyo maji ya juu hutanda kabla hayajapata njia ya kutoka.

Jambo la kushika kuliko yote ni hili: mafuriko hayaji pamoja na mvua. Mvua kubwa ni Desemba hadi Februari, maji husafiri polepole kutoka Angola na Mwinilunga, yakatanda bondeni, na kilele karibu na Mongu huwa Aprili, mvua ikiwa inaaga. Mei hadi Julai yanashuka. Mkulima wa Bulozi anaishi kwa kalenda mbili zisizoanza siku moja, ya mvua na ya mto. Kilimo chote cha kule kimejengwa kwenye tofauti ya hizo mbili.

Karibuni wenye maarifa.

#2 Tumaini_wa_Kyela

Mkuu Mkondo_Juu, asante kwa uzi. Swali la mtu asiyejua: kama kilomita 40 zote zinafunikwa, watu wanakaa wapi? Na mji mkuu wa mfalme kuwekwa katikati ya maji ulikuwa na maana gani, wakati nchi kavu ipo pembeni?

#3 Fundi_Ramani

Tumaini, bondeni kuna vichuguu na miinuko ya asili, watu wakaviongezea udongo kizazi baada ya kizazi mpaka vikawa viwanja vya vijiji. Wenyewe huviita mazulu, kimoja ni lizulu. Lealui, mji mkuu wa Litunga, yaani mfalme wa Walozi, uko juu ya mwinuko wa aina hiyo, kilomita chache kutoka mto. Nalolo, mji mkuu wa kusini, nao vilevile. Makaburi ya wafalme yapo kwenye miinuko yenye vichaka vya miti mikubwa, kila moja na mlinzi wake aitwaye Nomboti, na hadi leo hupewa heshima kama makao ya mtu aliye hai.

Mafuriko ya wastani huacha vilele vya mazulu nje ya maji, lakini kukaa pale kunakuwa kugumu: ng'ombe hawana malisho, kuni hazipo, nyoka na panya hukimbilia palepale penye watu. Kwa hiyo familia zina makao mawili, moja kwenye lizulu na lingine ukingoni, kwenye nchi ya mchanga iliyoinuka. Mongu, Limulunga na Sefula ziko kwenye ukingo wa mashariki, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kalabo iko magharibi, kwenye mto Luanginga.

Sababu ya kukaa katikati ni udongo. Ukingoni na msituni ni mchanga mweupe wa Kalahari ambao rutuba yake huisha upesi. Bondeni kuna udongo wa kijivu na mweusi ulioachwa na mafuriko, pamoja na mboji ya majani yaliyooza majini. Malisho yapo bondeni, samaki wapo bondeni, na njia ya usafiri ni maji yenyewe. Aliyeshika bonde alishika chakula, na wa msituni alileta asali, mbao, chuma na magome ya kamba ili apate samaki na maziwa. Mfalme alisimama kwenye njia panda ya mabadilishano hayo. Hiyo ndiyo nguvu ya dola ile, kuliko hata jeshi.

#4 Shamba_Ukingoni

Naongezea kilimo, maana hapa watu wengi huandika "wanalima mahindi na mpunga" wakaishia hapo. Walozi hawana shamba la aina moja. Kila aina ina jina lake, maji yake na hatari yake.

Litongo ni ardhi ya ukingo, juu kidogo ya maji, ambako mchanga wa juu huvujisha unyevu chini kwa chini mwaka mzima. Hapa hukaa vijiji na hapa hulimwa mahindi na mboga. Rutuba yake hutokana na samadi: ng'ombe hulazwa kwenye kipande kimoja usiku kadhaa, kisha zizi linahamishwa kwenye kipande kingine. Ng'ombe wakipungua, litongo linachoka.

Sishango iko chini ya litongo, pale unyevu unapotokeza na kutuama. Udongo ni mweusi, mwingi ni mboji tupu. Bila mfereji huwezi kuulima, mizizi inaoza. Ukiuchimbia mifereji midogo inayopeleka maji kwenye mfereji mkubwa, unapanda mahindi Agosti au Septemba kwa unyevu uliobaki, na unavuna mabichi Desemba na Januari kabla mto haujapanda. Hicho ndicho chakula cha miezi ya njaa, wakati nyumba za msituni ghala zimeisha. Ndiyo maana mtu wa Bulozi akipigania shamba mahakamani, mara nyingi ni sishango.

Sitapa ni mabonde na kingo za mabwawa ndani ya bonde lenyewe. Maji yakishuka Julai hadi Septemba, unapanda ukifuata ukingo wa maji unavyorudi nyuma. Udongo ni mzuri kuliko wote na hatari ni kubwa kuliko zote: mafuriko yakitangulia wiki mbili tu, umepoteza.

Lizulu lenyewe nalo hulimwa, bustani ndogo pembeni mwa nyumba.

Matema ni mashamba ya msituni kwenye mchanga. Hukatwa, huchomwa, hulimwa uwele na muhogo miaka michache, kisha huachwa. Utaalamu wa muhogo uliongezeka sana na wahamiaji kutoka Angola, hasa Wambunda, Waluvale na Wachokwe.

Familia iliyokamilika ilikuwa na vipande katika aina tatu au nne kati ya hizi. Mwaka wa maji mengi sitapa inakufa, matema yanaokoa. Mwaka wa ukame matema yanakauka, sitapa na sishango zinalisha.

Kuhusu mpunga: hupandwa kwa kumwaga mbegu baada ya kulima kwa maksai, mvua zikianza Novemba hadi Desemba, pembezoni mwa bonde. Mmea lazima uwe umeshika urefu kabla mto haujafika, kwa sababu maji yakipanda taratibu mpunga unapanda nayo, yakiukuta mfupi yanauzamisha. Mavuno ni Mei na Juni maji yakishuka. Mbegu yao maarufu inaitwa Supa, jina ambalo watu wa Kyela na Kilombero wanalijua vizuri, na mchele wa Mongu unasifika Zambia nzima kwa harufu yake.

Kinachoharibu mpunga kuliko ndege ni mpunga pori wenye mizizi inayotambaa ardhini. Ukiulima kwa jembe la ng'ombe wakati udongo una unyevu, unakata mizizi vipande na kila kipande kinaota. Dawa ni kulima mara tu maji yanapotoka, jua la Agosti na Septemba likaushe mizizi juu ya ardhi, kisha kulima tena kabla ya kupanda. Wengi huruka hatua ya kwanza kwa sababu wakati huo maksai bado wamekonda au wako malishoni mbali.

#5 Kaka_Mfereji

Sasa mifereji, maana ndiyo kiini.

Kazi ya mifereji bondeni ilikuwa mbili kwa wakati mmoja: kukausha sishango na kupitisha mitumbwi. Wamisionari wa Kifaransa chini ya François Coillard, waliofungua kituo Sefula katikati ya miaka ya 1880, walichimba mfereji wa kufika mtoni. Lewanika, aliyetawala kuanzia 1878 hadi 1916 ukitoa kipindi cha 1884 na 1885 alipopinduliwa, aliona faida na akachimbisha mtandao mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1880 na miaka ya 1890. Mmoja unaojulikana sana ni Musiamo. Maelfu ya ekari za ukingo zilizokuwa kinamasi zikawa mashamba.

Kanuni za kuchimba kwenye nchi ya namna hii ni zilezile kwa yeyote mwenye sishango, kwa hiyo nazieleza.

Kwanza, njia haichaguliwi kwa macho wakati wa kiangazi. Inachaguliwa maji yanaposhuka, kwa kutazama mahali ambapo maji ya mwisho yanapita. Huko ndiko kuna mteremko, na mara nyingi ni mkondo wa zamani wa mto uliokufa. Kwenye bonde lisilo na mteremko, kosa la kina cha kiganja linageuza mfereji kuwa dimbwi refu.

Pili, anza kuchimba mwisho wa chini, penye kutokea, kisha panda juu. Ukianza juu unachimba ndani ya maji kila siku.

Tatu, udongo unaotolewa uwekwe mbali na ukingo na uachiwe nafasi kila baada ya hatua kadhaa. Ukiurundika ukingoni unarudi ndani mafuriko ya kwanza, na ukiufanya tuta lisilokatika unazuia maji ya shamba kuingia mferejini.

Nne, mifereji midogo iingie kwenye mkubwa kwa kuinama kuelekea maji yanakokwenda. Ikiingia kwa kona ya mraba, mchanga hutua palepale kwenye makutano.

Tano, na hapa ndipo wengi huharibu, usichimbe kina kirefu kwenye udongo wa mboji. Mboji ikikauka hunywea, uso wa shamba unashuka, na baada ya misimu kadhaa mfereji wako hauna tena tofauti ya kimo na shamba. Ikikauka zaidi hushika moto chini kwa chini, na moto huo hauzimwi kwa ndoo. Kinachobaki ni majivu juu ya mchanga. Mfereji mzuri hushusha maji chini ya mizizi ya mahindi na kuishia hapo, na mwisho wa msimu unazibwa kwa tuta dogo ili unyevu usikimbie.

Sita, kuzibua kila mwaka. Matete na mafunjo yakatwe na ving'olewe visiki vyake, siyo kufyekwa juu. Mdomo wa mfereji mtoni ndio unaoziba kwanza, kwa sababu mto ukishuka unaacha fungu la mchanga pale. Mdomo ukiziba, kazi yote ya juu ni bure.

#6 Tumaini_wa_Kyela

Kaka_Mfereji, kazi hiyo inahitaji watu wengi sana. Nani alikuwa anaifanya? Na mifereji iko katika hali gani leo? Nimesoma mahali kwamba imekufa kwa sababu ya ukame.

#7 Kaka_Mfereji

Ukame haukuiua. Tazama miaka.

Iliyochimbwa enzi za Lewanika ilichimbwa na watumwa, watu walioletwa kwa ushuru kutoka nchi zilizo chini ya Walozi, na wananchi waliotoa kazi ya lazima. Julai 1906 Lewanika alitangaza kuachiwa kwa watumwa. Lilikuwa jambo la haki na hakuna wa kulilalamikia, ila hakukuwa na mpango wa nani atashika jembe baada yao. Miaka hiyohiyo kodi ya kibanda ilianza, na Litunga alipewa asilimia 10 ya makusanyo. Fedha ya kodi ilipatikana kwa kuuza ng'ombe au kwenda migodini na mashambani Rhodesia ya Kusini na Afrika Kusini. Mwaka 1915 homa ya mapafu ya ng'ombe iliingia kutoka Angola, ikaua mifugo mingi, na soko la ng'ombe la nje likafungwa kwa miaka mingi. Ikabaki njia moja, vijana kuondoka. Baadaye Wenela, wakala wa migodi ya Witwatersrand, alikuwa akiwachukua hata kwa ndege kutoka Mongu, mpaka serikali ya Zambia huru ilipolisimamisha hilo mwaka 1966.

Mfereji unahitaji wanaume wenye nguvu Agosti hadi Novemba. Hiyo ndiyo miezi waliyokuwa hawapo. Matete yakashinda. Mto haukubadilika kiasi hicho, watu ndio walioondolewa.

Karne hii sehemu ya mifereji imezibuliwa upya kwa miradi ya serikali na wafadhili, ukiwemo wa kukabili mabadiliko ya tabianchi uliopita kwa Benki ya Dunia. Shida ni ileile: mradi unalipa kuzibua mara moja, haulipi mwaka wa pili na wa tatu. Mfereji wa bonde hili ukiachwa misimu michache unarudi kuwa kinamasi.

#8 Mwanahistoria_Tabora

Nipitie upande wa watu, kwa ufupi, maana kuna mkanganyiko kuhusu asili.

Wakazi wa mwanzo wa dola hii walijiita Waluyi na lugha yao ilikuwa Kiluyana. Masimulizi yao ya ukoo wa kifalme huanzia kwa Mbuywamwambwa, mwanamke, na mfalme wa kwanza anatajwa kuwa Mboo. Wanahistoria wengi huuhusisha ukoo huo na Walunda wa Mwata Yamvo. Chini ya Mulambwa, mwanzoni mwa karne ya 19, dola ilikuwa imekomaa, na ndiye aliyewapokea Wambunda.

Karibu mwaka 1840 Wakololo, watu wa jamii ya Kisotho chini ya Sebetwane, walifika kutoka kusini wakaliteka bonde. Sebetwane alifariki 1851, mtoto wake Sekeletu akatawala akikaa Linyanti, kusini mwa bonde. Wakololo hawakulizoea bonde, malaria iliwamaliza, na mwaka 1864 Waluyi wakiongozwa na Njekwa waliwapindua na kumweka Sipopa. Lugha ya watekaji ilibaki: Kilozi cha leo ni cha jamii ya Kisotho, na Kiluyana kimebaki kwenye nyimbo na taratibu za kifalme. Kilozi ndicho pia lugha ya mawasiliano ya Katima Mulilo na mkoa wa Zambezi huko Namibia.

Pwani yetu ina mahali pake kwenye habari hii. Miaka ya 1850 Said bin Habib, mfanyabiashara wa Zanzibar, alifika bondeni kutafuta pembe za ndovu na akapita hadi Luanda, pwani ya Atlantiki. Livingstone alikutana naye katika nchi ya Wakololo. Na tarehe 1 Julai 1890, mkataba uleule wa Uingereza na Ujerumani ulioiweka Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza ndio uliowapa Wajerumani ule mkia wa ardhi wa Caprivi unaogusa Zambezi. Nchi ya kusini iliyokuwa ikitoa ushuru Lealui ikakatwa na watu waliokuwa Berlin. Siku nne kabla, Juni 27, Lewanika alikuwa ametia saini mkataba na Frank Lochner wa kampuni ya Cecil Rhodes, akiamini anaingia mkataba na Malkia wa Uingereza. Aliahidiwa pauni 2,000 kwa mwaka. Katika mkataba wa 1900 zikapunguzwa kuwa 850.

Mpaka wa magharibi nao uliamuliwa 1905 na mfalme wa Italia, msuluhishi kati ya Uingereza na Ureno: unafuata mto Kwando hadi longitudo 22 mashariki, kisha kaskazini hadi latitudo 13 kusini, kisha mashariki hadi longitudo 24. Mistari ya rula. Chanzo cha mafuriko, yaani Lungwebungu na Luanginga za juu, kikabaki Angola. Mpaka leo anayetaka kujua maji ya Mongu yatakuwaje Aprili lazima aulize mvua ya nchi nyingine.

#9 Fundi_Ramani

Mwanahistoria umeeleza vizuri. Niongeze muundo wa utawala kwa sababu nao umefuata bonde. Litunga yuko Lealui kwa upande wa kaskazini, na Nalolo yuko mtawala mwanamke wa ukoo wa kifalme, Mulena Mukwae, mwenye baraza lake na mtumbwi wake wa kifalme. Mafuriko yakija yeye huhamia Muoyo. Baraza linaitwa kuta, na waziri mkuu ni Ngambela, ambaye kwa desturi hatoki ukoo wa kifalme. Ng'ombe wa mfalme na wa matajiri walikopeshwa kwa wananchi kwa utaratibu wa mafisa: mkopaji anakunywa maziwa, anapata samadi na kutumia maksai, mwenye mali anabaki na umiliki wa ndama. Samadi ya mafisa ndiyo iliyolisha litongo alilolieleza Shamba_Ukingoni.

#10 Neema_Nakuru

Wadau, naomba mtu anieleze Kuomboka hatua kwa hatua. Video zinaonyesha ngoma na wapiga kafi, hazielezi nini kinafanyika na kwa nini tarehe hubadilika kila mwaka.

#11 Mkondo_Juu

Dada Neema, tarehe hubadilika kwa sababu inategemea maji na mwezi. Mtumbwi mkubwa hauwezi kupita kama bonde halijajaa vya kutosha, kwa hiyo baraza linasubiri kimo cha maji, kisha linapanga kufuatana na mwezi mpevu, kwa kawaida mwishoni mwa Machi au Aprili. Tangazo hutoka karibu sana na siku yenyewe. Mwaka wa ukame safari hufutwa.

Usiku wa kuamkia safari hupigwa Maoma, ngoma tatu kubwa za kifalme, pale Lealui. Sauti yake ndiyo taarifa rasmi. Asubuhi mitumbwi myeupe ya wapelelezi hutangulia kupima kina na kuhakikisha njia ni salama. Nyuma hufuata Nalikwanda, mtumbwi wa Litunga, wenye wapiga kafi wapatao 100. Husimama wima wote, wamevaa siziba, vazi la kitambaa kama sketi, kiunoni na kofia nyekundu ziitwazo lishushu. Juu ya kibanda chake kuna tembo mweusi ambaye masikio yake husogezwa na watu waliomo ndani. Moshi hutoka mtumbwini safari nzima: ukionekana, watu wanajua mfalme yu mzima. Moyo, mke wa Litunga, ana mtumbwi wake wenye ndege mkubwa ambaye mabawa yake hupigwa vivyo hivyo.

Safari ya Lealui hadi Limulunga huchukua saa sita hadi nane kutegemea upepo na matete njiani. Litunga hupanda mtumbwi akiwa na mavazi ya jadi na hushuka akiwa na sare ya admirali wa Uingereza, asili yake zawadi aliyopewa Lewanika alipohudhuria kutawazwa kwa Edward VII, mfalme wa Uingereza, mwaka 1902. Ikulu ya Limulunga yenyewe ni ya 1933, enzi za Yeta III. Kurudi bondeni, maji yakishuka, kunaitwa Kufuluhela, kwa kawaida Julai au Agosti, na watazamaji ni wachache.

Sasa tazama maana yake kwa mkulima. Kwa desturi mfalme ndiye hutangulia kuhama, wananchi wakafuata. Kuhama mapema ni kuacha mavuno ya sitapa na malisho ya mwisho, kuchelewa ni kupoteza ndama na mbegu. Tangazo la Lealui lilikuwa uamuzi wa pamoja wa bonde zima kuhusu siku ya kuondoka, wakati ambapo hapakuwa na redio wala vipimo vya mto.

#12 Injinia_Kigoma

Nina pingamizi kidogo na hoja ya Kaka_Mfereji. Barabara ya Mongu hadi Kalabo, iliyokamilika 2016, imekata bonde kwa tuta kutoka mashariki hadi magharibi, wakati maji yanatoka kaskazini kwenda kusini. Tuta lolote la namna hiyo ni bwawa. Huoni kwamba ndilo linaloziba mifereji?

#13 Kaka_Mfereji

Injinia, hoja yako ina uzito, lakini mpangilio wa wakati unaikataa. Mifereji ilikuwa imeshazibika miongo mingi kabla ya tuta hilo. Na barabara ile ilijengwa na madaraja 26 kwa sababu hiyohiyo. Jaribio la awali la kujenga mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilisombwa na mafuriko.

Pale ulipo sahihi ni hapa. Maji yaliyotanda kilomita nyingi yakilazimishwa kupita kwenye matundu machache, kasi yake huongezeka kwenye matundu. Yanachimba shimo chini ya daraja na kuutua mchanga mbele kidogo, palepale ambapo mfereji wa mtu unaweza kuwa unapita. Kwa hiyo kila mafuriko yakishuka, mita mia kadhaa chini ya kila daraja zinahitaji kukaguliwa: kama kuna fungu jipya la mchanga, liondolewe kabla matete hayajaota juu yake. Yakishaota, fungu linakuwa kisiwa.

Athari nyingine ni ya biashara. Mizigo ya Kalabo iliyokuwa ikipita bandari ya Mulamba, Mongu, kwa boti sasa inapita barabarani. Mfereji usio na boti hauna mtu anayeudai.

#14 Shamba_Ukingoni

Kuhusu samaki mmesahau, nami niseme machache. Mafuriko ndiyo kitalu chao: perege, kambare na wengine huingia kwenye majani yaliyofunikwa kuzaliana, na vifaranga hukua humo hadi maji yashuke. Kwa hiyo Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Uzio wa matete na mitego ya kusuka uliowekwa kwenye vijito vinavyorudisha maji mtoni hukamata samaki wanaotoka. Nafasi za uzio zikiwa pana, wadogo wanapita. Mtu akiziba kwa chandarua cha mbu, anavuna mwaka huu na wa mwakani kwa pamoja.

Tangu 2006 na 2007 kuna ugonjwa wa vidonda kwa samaki, ulioonekana kwanza eneo la Chobe na Zambezi, unaosababishwa na vimelea vinavyofanana na kuvu, Aphanomyces invadans. Huonekana zaidi majira ya baridi. Haumuambukizi binadamu. Samaki mwenye vidonda asirudishwe majini wala utumbo wake usitupwe mtoni, afukiwe, na nyavu zianikwe juani zikauke kabisa kabla ya kuhamishiwa bwawa lingine. Wavuvi wanaohama bila kukausha nyavu ndio wanaousafirisha.

#15 Mpenda_Siasa

Na Mkataba wa Barotseland (yaani Bulozi) wa 1964? Mbona hamgusi?

#16 Mwanahistoria_Tabora

Tarehe ni hizi. Ulisainiwa London Mei 18, 1964, kati ya Kenneth Kaunda na Litunga Mwanawina III, Duncan Sandys akiwa shahidi kwa niaba ya Uingereza. Uliiunganisha Barotseland na Zambia na kumhakikishia Litunga mamlaka juu ya ardhi, misitu, uvuvi, uwindaji na mahakama za wenyeji. Mwaka 1969 bunge liliubatilisha na jina likawa Mkoa wa Magharibi. Mzozo wa kisheria unaendelea hadi leo. Kwa uzi huu, kinachohusu ni kwamba mamlaka ya maji, samaki na mifereji yalihamia ofisi za idara mbalimbali za serikali, wakati wanaogawa mashamba ya bonde bado ni maindunasi, yaani wakuu wa baraza, wa Lealui na Nalolo. Mfereji mmoja unahitaji kibali cha pande mbili zisizo na bajeti moja. Mradi ukianza na upande mmoja tu, kazi husimama mara tu mtu akidai kwamba mfereji unapita kwenye sishango ya babu yake.

#17 Neema_Nakuru

Nimeelewa mengi. La mwisho: mtu akitaka kuliona bonde likiwa limejaa, afikeje, na aende lini?

#18 Mkondo_Juu

Dada Neema, Mongu ni kama kilomita 600 magharibi mwa Lusaka, lami yote, na njia inapita ndani ya hifadhi ya Kafue, kwa hiyo usafiri mchana. Maji ni mengi kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei mwanzoni. Ukitegemea Kuomboka peke yake unaweza kukuta imefutwa au umechelewa siku mbili, kwa hiyo usilipie nyumba ya wageni kwa tarehe ya kubahatisha. Panga wiki mbili za Aprili, safari ya boti kutoka bandari ya Mulamba kwenda Lealui ifanye asubuhi kabla upepo haujaamka, na tuta la barabara ya Kalabo litakuonyesha maji pande zote mbili bila kulipa boti. Anayetaka kuona mifereji na sishango arudi Septemba, maana Aprili vyote viko chini ya maji. Kutoka Septemba hiyo, ukiongeza siku kadhaa na gari la magurudumu manne, hifadhi ya taifa ya Liuwa iko ng'ambo ya Kalabo. Nyumbu wake huongezeka upande wa kusini wa hifadhi mvua zikianza Novemba.